Mlinzi wa Mlangoni: Historia ya Programu-jalizi za Kuchuja Barua Pepe, 1975 hadi 2007

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa pili wa masomo hapa Kampala, niliomba nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja katika chuo cha nchi nyingine. Wiki sita zilipita bila jibu, nikaamini nimekataliwa, nikaendelea na mambo yangu. Baadaye mwalimu aliyenipendekeza alikutana na mmoja wa waandalizi wa mpango ule katika kongamano, akaulizwa kwa nini mwanafunzi wake hakujibu barua ya kukubaliwa. Wakati huo nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Nilikwenda kwenye ofisi inayosimamia seva ya barua pepe. Fundi alifungua kumbukumbu za seva, akatafuta kwa jina langu, kisha akaniita nikaribie kioo.

"Iko hapa, ndugu yangu. Imepokelewa, halafu ikatupwa."

"Nani aliitupa?"

"Kichujio."

"Na aliyeituma aliambiwa?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Yeye aliambiwa imefika."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika insha hii. Kwamba mashine inaweza kukosea, hilo nililijua. Sikujua kwamba mashine inaweza kumwambia mtumaji "nimepokea" na wakati huohuo ikaitupa barua yake. Nilitaka kufahamu tabia hiyo ilitoka wapi, nani aliiruhusu, na kama kulikuwa na njia nyingine.

Insha hii inachunguza historia ya programu-jalizi za kuchuja barua pepe, yaani programu ndogo zinazochomekwa kwenye seva ya barua ili kuiongezea uwezo wa kukagua kila barua inayoingia. Hoja yangu ni kwamba historia hii kwa kawaida husimuliwa kama vita kati ya mafundi na watuma barua taka, lakini swali lililo ndani yake ni jingine: kichujio kikikosea, nani analipa? Nitaonyesha kwamba jibu la swali hilo lilitegemea sana mahali ambapo kichujio kiliwekwa, mlangoni au ndani ya nyumba.

Posta isiyo na mlinzi

Barua pepe kati ya kompyuta mbili tofauti ilianza mwaka 1971, pale Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN nchini Marekani, alipotumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mtandao wa wakati huo, ARPANET, ulikuwa wa watafiti wachache waliofahamiana. Katika mazingira kama hayo hakuna aliyefikiria kuweka mlinzi, kama vile katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake hakuna anayefunga mlango mchana.

Hata hivyo, ni kosa kudai kwamba hakuna aliyeiona hatari. Mnamo Novemba 1975, Jon Postel aliandika waraka mfupi, wa 706 katika mfululizo wa nyaraka za mtandao huo, kuhusu tatizo la barua zisizotakiwa. Alieleza kwamba kompyuta inayopokea haikuwa na njia ya kuchagua ujumbe gani ikubali na upi ikatae, na kwamba kompyuta moja yenye hitilafu au nia mbaya ingeweza kuielemea nyingine. Waraka ule haukuleta mabadiliko makubwa. Miaka mitatu baadaye, Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo la kompyuta mpya kwa karibu watu 400 wa mtandao huo kwa mkupuo mmoja. Wengi walikasirika, naye akaonywa. Leo ujumbe ule unatajwa kuwa barua taka ya kwanza.

Mwaka 1982 Postel huyohuyo aliandika itifaki ya SMTP, ambayo mpaka leo ndiyo kanuni ya usafirishaji wa barua pepe. Ni muhimu kuieleza kidogo, kwa sababu kila kitu kinachofuata kimesimama juu yake. Katika SMTP, seva mbili huzungumza kwa zamu kama watu wawili mlangoni. Anayetuma anapiga hodi na kujitambulisha. Kisha anataja barua inatoka kwa nani, halafu inakwenda kwa nani. Baada ya hapo anaisoma barua yenyewe, kichwa chake na mwili wake, na kumaliza kwa mstari wenye nukta moja tu. Kila hatua anayepokea hujibu kwa namba. Namba inayoanza na 2, kama 250, maana yake ni sawa, endelea. Namba inayoanza na 4, kama 451, maana yake ni si sasa hivi, jaribu tena baadaye. Namba inayoanza na 5, kama 550, maana yake ni hapana, usirudi na barua hii.

Uzito wa namba hizi uliwekwa wazi zaidi mwaka 1989, katika waraka wa 1123 uliorekebisha masharti ya itifaki. Humo ilielezwa kwamba seva ikishajibu 250 baada ya barua kusomwa yote, imebeba dhamana. Ni lazima iifikishe barua ile, au ikishindwa imjulishe mtumaji. Kwa maneno mengine, 250 ni ahadi. Barua yangu ilivunjiwa ahadi hiyo.

Sendmail na kichujio cha nyumbani

Programu iliyosambaza SMTP kwa wengi ilikuwa Sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa ameandika kwanza programu iliyoitwa delivermail, kisha akaipanua ikawa Sendmail, na mwaka 1983 ikatoka pamoja na mfumo wa 4.2BSD. Wakati huo kulikuwa na mitandao mingi yenye namna tofauti za kuandika anwani, na Sendmail iliweza kutafsiri anwani za mtandao mmoja ziwe za mwingine. Ilifanya hivyo kwa faili la mipangilio lenye kanuni nyingi za alama ngumu kusomeka. Faili lile liliwatesa wasimamizi wengi, lakini lilikuwa na jambo moja kubwa: mtu angeweza kubadilisha tabia ya seva bila kugusa msimbo wake.

Udhaifu wake ulidhihirika mwezi Novemba 1988, wakati programu haribifu ya Robert Morris, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilipoenea katika maelfu ya kompyuta. Mojawapo ya njia ilizotumia kuingia ilikuwa sehemu ya Sendmail iliyokusudiwa mafundi wa kurekebisha hitilafu. Somo lililopatikana ni kwamba programu moja kubwa, yenye kazi nyingi na mamlaka yote ya kompyuta, ni hatari. Kuiongezea kazi nyingine, ikiwemo ya kuchuja, kungeiongezea hatari.

Kwa hiyo vichujio vya kwanza viliwekwa mahali pengine kabisa: mwisho wa safari, barua inapokaribia kuingia kikashani mwa mwenyewe. Mfano maarufu ni procmail, iliyoandikwa na Stephen van den Berg mwaka 1990. Kila mtumiaji aliandika kanuni zake mwenyewe: barua za orodha fulani ziende folda fulani, zenye maneno fulani zitupwe. Hapa kosa lilikuwa la mwenye nyumba. Mtu akijiandikia kanuni mbaya, barua iliyopotea ni yake, naye anaweza kuirekebisha kanuni hiyo. Huu ndio mpangilio wa haki kuliko yote nitakayoieleza, ila ulihitaji kila mtu awe fundi.

Mafuriko

Miaka ya 1990 mtandao ulifunguliwa kwa biashara, na watu wasiofahamiana wakawa wengi kuliko wanaofahamiana. Tukio linalotajwa sana ni la tarehe 12 Aprili 1994, pale wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walipobandika tangazo moja katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Lilihusu bahati nasibu ya Green Card, bahati nasibu ambayo vijana wengi wa mitaa yetu wamewahi kuijaza. Tangazo lile halikupita kwenye barua pepe, lakini liliwafundisha wafanyabiashara kwamba kutangaza kwa watu wengi sana mtandaoni hakugharimu karibu chochote. Haikuchukua muda barua pepe nayo ikavamiwa.

Mafundi walijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kufunga milango iliyokuwa wazi. Seva nyingi za zamani zilikubali kubeba barua ya mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote, kwa ukarimu wa enzi za ARPANET, na watuma barua taka wakautumia ukarimu huo. Toleo la 8.9 la Sendmail, mwaka 1998, lilikataa ubebaji huo mpaka msimamizi aruhusu mwenyewe. Njia ya pili ilikuwa orodha ya marufuku. Paul Vixie na Dave Rand walianzisha orodha ya anwani za mtandao zilizojulikana kwa kutuma au kusaidia barua taka, na seva yoyote iliweza kuiuliza orodha hiyo kabla ya kupokea barua.

Njia zote mbili ziliangalia anayepiga hodi na bahasha aliyoishika. Hazikusoma barua. Mwezi Machi 1999 virusi vya Melissa vilienea kupitia viambatisho, na Mei 2000 vikafuata virusi vya ILOVEYOU vilivyoanzia Ufilipino. Barua hizi zilitoka kwa watu halali, mara nyingi rafiki wa mpokeaji, kutoka seva halali. Bahasha yao haikuwa na kasoro. Ubaya ulikuwa ndani, na kanuni za Sendmail hazikuweza kuukagua mwili wa barua ipasavyo.

Msimamizi aliyetaka kukagua ndani alikuwa na chaguo mbili mbaya. Angeweza kufungua msimbo wa seva na kuuongezea viraka vyake, kisha avirudie kila toleo jipya linapotoka. Au angeweza kuipokea barua kwanza, aipeleke kwenye programu ya ukaguzi, kisha airudishe kwenye seva kwa ajili ya kusambazwa. Wengi walichagua njia ya pili. Nitaeleza baadaye ilivyoleta madhara.

Milter: mlinzi anayeajiriwa

Jibu la Sendmail lilikuwa Milter, jina lililofupishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kichujio cha barua. Iliingizwa kama majaribio katika toleo la 8.10 mwaka 2000, ikawa sehemu rasmi katika toleo la 8.12 mwaka 2001.

Wazo lake ni rahisi kulieleza. Seva haichuji. Seva inaendelea na mazungumzo yake mlangoni, lakini kila hatua inamwuliza mlinzi aliyeajiriwa kutoka nje: huyu amepiga hodi kutoka anwani hii, unasemaje? Amejitambulisha kwa jina hili, unasemaje? Anasema barua inatoka kwa fulani, inakwenda kwa fulani, huu ni mstari wa kwanza wa kichwa, huu wa pili, hiki ni kipande cha mwili, sasa imekwisha. Kwa kila swali mlinzi ana majibu machache yaliyowekwa: endelea, kubali bila kuuliza zaidi, kataa, kataa kwa muda, au tupa kimyakimya. Mwisho wa barua anaweza pia kuibadilisha, kwa mfano kuongeza mstari kichwani, kuondoa mpokeaji au kubadili mwili. Toleo la 8.13 la mwaka 2004 liliongeza jibu la kuiweka barua kizuizini ili mtu aitazame.

Mambo matatu katika mpango huu yanastahili kuzingatiwa na mwanahistoria.

Kwanza, mlinzi ni programu inayojitegemea. Anazungumza na seva kupitia soketi, kwa hiyo anaweza kukaa katika kompyuta nyingine kabisa, na hahitaji mamlaka makuu ya mfumo. Akianguka, seva haianguki naye. Hili lilikuwa jibu la moja kwa moja kwa somo la 1988.

Pili, waliounda Milter walijiuliza mapema: mlinzi akilala itakuwaje? Msimamizi analazimika kuchagua. Kama kichujio hakipatikani, barua zikataliwe, zikataliwe kwa muda, au zipite bila kukaguliwa. Kila chaguo lina mwathirika wake. Kukataa kunamwumiza mtumaji, kupitisha kunamhatarisha mpokeaji, na kukataa kwa muda kunamchelewesha kila mtu lakini hakupotezi barua.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, mlinzi anaulizwa wakati mtumaji bado amesimama mlangoni. Ahadi ya 250 haijatolewa. Kwa hiyo akisema hapana, seva ya mtumaji inapata namba 550 papo hapo, nayo inamjulisha mwandishi kwamba barua yake haikupokelewa. Mwandishi akiwa mtu halali, atajua, atapiga simu au atatumia njia nyingine. Kosa la kichujio linaonekana.

Milter haikuwa pekee. Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyeanza kuandika Exim mwaka 1995, aliruhusu wasimamizi kuunganisha msimbo wao wa ukaguzi, na mwaka 2005 uchunguzi wa yaliyomo ukaingizwa katika Exim yenyewe. Daniel Bernstein alikuwa ameigawa qmail katika programu ndogondogo zisizoaminiana, na kwa kuwa sehemu hizo zilitenganishwa, wengine waliweza kubadilisha sehemu moja. Ndivyo ilivyozaliwa qpsmtpd ya Ask Bjørn Hansen, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, ambayo karibu kazi yake yote hufanywa na programu-jalizi: moja kwa kila hatua ya mazungumzo, nyingine kwa orodha za marufuku, nyingine kwa virusi.

Postfix ya Wietse Venema, iliyotolewa mwaka 1998 alipokuwa IBM, ilianza kwa msimamo tofauti. Ilipendelea kuipokea barua, kuiweka kwenye foleni, kisha kuipeleka kwa kichujio. Sababu ilikuwa ya kweli. Ukaguzi wa ndani huchukua muda na kumbukumbu ya kompyuta. Ukifanywa mlangoni, wageni wakija mia moja kwa pamoja walinzi nao lazima wawe mia moja, na mgeni akisubiri mno ataondoka. Ukifanywa baada ya foleni, seva huenda kwa mwendo wake. Hata hivyo mwaka 2006, katika toleo la 2.3, Postfix nayo ilikubali itifaki ya Milter. Programu-jalizi nyingi zilikuwa zimeshaandikwa kwa ajili ya Sendmail, na hapakuwa na sababu ya kuziandika upya. Seva iliyobuniwa kuchukua nafasi ya Sendmail ikawa inasikiliza walinzi wa Sendmail. Naona hapa ndipo programu-jalizi zilipokuwa utamaduni wa mafundi wote, si mali ya programu moja.

Mlinzi anapimaje?

Mlango ukishakuwepo, linabaki swali la hukumu. Programu iliyoenea zaidi katika kazi hii ni SpamAssassin, aliyoitoa Justin Mason mwaka 2001. Haiamui kwa dalili moja. Kila dalili ina alama zake, chanya au hasi, na jumla ikifika kiwango fulani, kwa kawaida 5, barua inahesabiwa kuwa taka. Mwaka 2004, katika toleo la 3.0, SpamAssassin nayo ikaanza kupokea programu-jalizi zake. Mlinzi aliyeajiriwa akawa na wasaidizi wa kwake.

Mwezi Agosti 2002 Paul Graham alichapisha makala iliyohimiza kuhesabu uwezekano wa kila neno kutokana na barua ambazo mtu mwenyewe amezitenga kuwa nzuri au taka. Wazo hilo lilikuwa limeshafanyiwa utafiti tangu 1998, lakini makala yake ndiyo iliyowafikia mafundi wengi. Mwaka 2003 Evan Harris alipendekeza njia ya kumwambia kila mgeni mpya ajaribu tena baadaye, kwa kutumia namba inayoanza na 4. Seva halali hurudi. Programu nyingi za barua taka za wakati ule hazikurudi. Njia hii haisomi hata neno moja la barua, na inaonyesha jinsi mengi yanavyoweza kufanyika mlangoni kwa adabu tu ya mazungumzo.

Gharama ya kosa

Sasa narudi kwenye swali la mwanzo. Mwezi Agosti 2003 virusi vya Sobig.F vilienea duniani, navyo vilighushi jina la mtumaji. Seva zilizopokea kwanza na kukagua baadaye zilipogundua virusi ziliandika kwa "mtumaji" kumwonya. Mtumaji yule hakuhusika hata kidogo. Watu wasio na hatia walijazwa maonyo ya barua ambazo hawakuzituma, na maonyo hayo yakawa taka mpya. Wasimamizi wakajifunza kwamba si salama kumjibu mtumaji baada ya barua kupokelewa.

Walio na vichujio mlangoni hawakuwa na shida hii, kwani walikataa kabla ya kupokea. Walio na vichujio ndani walibanwa. Kumjulisha mtumaji kulileta madhara. Kuifikisha barua kulikuwa hatari. Wengi wakachagua njia ya tatu, kuitupa bila kumwambia mtu. Njia ya dharura ikawa mazoea, na mazoea yakaingia hata kwenye seva ambazo zingeweza kukataa mlangoni, kwa sababu jibu la kutupa lilikuwepo kwenye orodha ya majibu ya Milter na lilikuwa halina kelele. Anayetupiwa barua halalamiki, maana hajui.

Gharama hii haikugawanywa sawasawa. Watu wa Afrika walianza safari wakiwa na alama dhidi yao. Barua za ulaghai wa malipo ya awali zilijulikana duniani kwa namba 419, kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu makosa hayo, na baadhi ya kanuni za SpamAssassin zilizolenga barua hizo zilibeba jina la Nigeria. Walaghai walikuwepo, na kanuni zile zilikuwa na sababu. Lakini mwanafunzi halali anayeandika kuhusu ada, benki na dola, kwa Kiingereza alichojifunza darasani, anatumia maneno mengi yaleyale. Aidha, palipo na anwani moja ya mtandao inayotumiwa na jengo zima, kompyuta moja yenye virusi inatosha kuiingiza anwani hiyo kwenye orodha ya marufuku, na wote waliomo humo wanahesabiwa pamoja nayo.

Kisa changu kilikwenda upande wa pili. Seva yetu wenyewe ndiyo iliyoitupa barua ya ugenini, kwa sababu ilikuwa na kiambatisho, viungo kadhaa, neno la pongezi katika kichwa na taarifa kuhusu fedha za kujikimu. Fundi alinionyesha alama zake zikijumlishwa moja moja. Hakuna hata moja niliyoweza kuiita ya kijinga. Jumla ilipita 5 kidogo tu.

Wapo watakaopinga hoja yangu. Watasema kumkatalia mtuma taka kwa sauti kunamfundisha jinsi ya kupenya, na kutupa kimyakimya kunamwacha gizani. Hoja hii ina uzito kwa barua chache zenye uhakika kabisa, kama zile zenye virusi vinavyojulikana. Lakini kwa barua iliyopita kiwango kidogo, mtu anayeachwa gizani mara nyingi ni mtu halali. Mtuma taka ametuma nakala milioni moja na hazihesabu. Mwandalizi wa mpango wa masomo aliniandikia barua moja, akaingoja.

Wengine watasema tatizo limepungua tangu zilipokuja njia za kuthibitisha mtumaji, kama saini za DKIM zilizowekwa rasmi mwaka 2007, ambazo kwa kawaida hukaguliwa na programu-jalizi ileile ya mlangoni. Ni kweli zinasaidia, ila zinathibitisha jina la aliyetuma tu. Uamuzi wa nini kifanyike barua ikishukiwa bado ni wa msimamizi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kati ya 1975 na 2007 barua pepe ilitoka kwenye posta isiyo na mlinzi ikafika kwenye mlango wenye walinzi wengi walioajiriwa kwa njia ya programu-jalizi. Postel alikuwa ameiona haja ya kukataa tangu mwanzo. Milter na ndugu zake waliitimiza haja hiyo kwa namna iliyolinda uaminifu wa itifaki: amua kabla ya kuahidi. Tabia ya kutupa kimyakimya haikutokana na upungufu wa teknolojia. Ilitokana na dharura ya miaka michache iliyogeuka desturi, na desturi inaweza kubadilishwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anaweza kukataliwa, hilo linaeleweka. Lakini ukimkaribisha ndani kisha ukamtosa mlango wa nyuma, hata jamaa zake hawatajua wamtafute wapi.

Nilirudi kwa yule fundi nikiwa na rasimu ya insha hii. Alisoma sehemu ya Milter, akasahihisha jambo moja, kisha akafungua faili la mipangilio. Neno lililokuwa likiagiza kutupa lilikuwa katika mstari mmoja tu, nalo lilikuwa limeandikwa na mtangulizi wake, hakumbuki mwaka gani. Alilibadilisha liwe kukataa, akaanzisha upya kichujio, tukajitumia barua ya majaribio iliyojaa maneno ya pongezi na fedha. Baada ya sekunde chache ilirudi kwa mtumaji na namba 550.

"Sasa angalau watajua," akasema. Nafasi yangu haikurudi. Lakini atakayeandikiwa baada yangu akikataliwa na seva yetu, yule aliyemwandikia atapata habari siku hiyohiyo.